Banda ni mgeni: hotuba ya jioni ya mwisho ya maonyesho

Maneno haya niliyasema ndani ya banda lenyewe, banda la muda la maonyesho ya sanaa nililolisanifu, saa chache kabla hatujalishusha. Nimeyaandika yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha.

Wakubwa zangu, shikamooni. Walimu, wasanii, mafundi, wanafunzi mliokaa chini kwenye nyasi kwa sababu viti vimeisha, na wewe ndugu uliyekuwa unapita zako ukasikia kipaza sauti ukasimama: karibuni. Itifaki imezingatiwa, na jua halitusubiri, kwa hiyo naanza.

Angalieni juu. Paa lile ni turubai. Angalieni pembeni. Kuta hizi ni plaiwudi. Zimesimama hapa wiki sita, na kesho asubuhi hapatakuwa na kitu. Wiki zote hizi nimeulizwa swali moja, tena na watu wanaonitakia mema: "Kwa nini ujisumbue hivyo kwa kitu cha wiki sita?" Mmoja alinionea huruma kabisa, akaniuliza kama nimekosa nyumba za kuchora.

Nyumba zipo. Lakini banda la muda si nyumba ndogo. Banda la muda ni mgeni. Uwanja huu una wenyewe: mama anayekatiza hapa kwenda kazini, watoto wa mpira, mzee anayesinzia chini ya ule mti kila siku mchana. Sisi tulibisha hodi tu. Na wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe. Ajikunyate vipi, ataonekana. Basi nawaomba wanafunzi, mtakapopewa kazi ya banda, msihangaike na swali la "nifanyeje lionekane?" Litaonekana, litake lisitake. Jiulizeni hivi: likishaonekana, litakaaje na watu?

Mgeni wa kwanza niliyemleta mimi hakukaa vizuri na watu. Nitawasimulia.

Banda langu la kwanza nililiweka katikati ya uwanja. Katikati kabisa! Kwenye karatasi lilipendeza, mistari yote ya uwanja inakutana hapo, nikajipongeza. Sikwenda kuangalia. Ningekwenda ningeona njia ya miguu inayopita palepale. Mnazijua njia hizi: hakuna aliyezichora, nyasi zimekufa tu kwa kukanyagwa. Siku ya ufunguzi watu walipita ndani ya banda langu kama wanavyopita kichochoroni. Huku wanaingia, kule wanatoka, macho mbele. Kijana mmoja alipita na toroli la matofali katikati ya michoro sita ya rangi ya maji, akaniambia "samahani, dada" bila kupunguza mwendo. Nikakasirika. Jioni hasira ilipotulia nikakubali: kijana alikuwa njiani kwake, mimi ndiye niliyeiziba.

Banda la pili, kabla ya kuchora mstari wowote, tulikaa uwanjani siku mbili na daftari. Wanatoka wapi? Wanaelekea wapi? Wanasimama wapi, na kwa nini? Walikuwa wanasimama kivulini, na pale wanaposubiriana. Basi. Tukalisogeza banda mita nne pembeni mwa njia. Kona moja tukaiacha wazi upande wanaotokea watu, ili kazi ya kwanza ionekane mtu akiwa bado anatembea. Na tukaweka benchi.

Benchi, jamani! Katika yote niliyowahi kubuni, hakuna kilichofanya kazi kama lile benchi. Mtu anakaa kufunga kamba za kiatu, anainua macho, mchoro uko mbele yake. Hakuja kuangalia sanaa. Sanaa imemkuta na kiatu mkononi.

Huyo ndiye mtu wetu. Anayekwenda jumba la sanaa amekwisha kuamua tangu nyumbani. Wa uwanjani hajaamua lolote, na una hatua tatu au nne tu za kumfanya asimame. Kizingiti chochote utakachomwekea kitamwondoa.

Mwaka 1855, Paris iliandaa maonyesho makubwa ya dunia. Mchoraji Gustave Courbet alipeleka picha zake. Kamati ikapokea baadhi, ikakataa nyingine, ikiwamo ile kubwa aliyojichora akiwa studioni kwake, ambayo upana wake ni karibu mita 6. Courbet hakwenda kulia. Alijenga banda lake la muda jirani na maonyesho hayohayo, akatundika humo picha zake kama 40. Mnauona ujasiri huo? Lakini mlangoni aliweka kiingilio, na watu hawakumiminika. Kiingilio kikapunguzwa. Mwezi wa Agosti akaingia mchoraji mwenzake, Eugène Delacroix, ambaye aliandika katika shajara yake kwamba alikaa humo peke yake karibu saa nzima, akaona kwamba picha ile iliyokataliwa ni kazi kubwa. Peke yake, karibu saa nzima! Kila nikikumbuka kisa hiki naifurahia picha na kuusikitikia mlango.

Pesa ni kizingiti. Mlinzi aliyekunja uso ni kizingiti. Na ngazi je? Ngazi moja ya sentimita 15 mimi na wewe hatuioni. Kwa mtu wa kiti cha magurudumu ni ukuta. Ukitaka kuiondoa kwa mteremko wa 1 kwa 12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za mwendo, unahitaji njia ya mita 1.8 kwa ajili ya ngazi hiyo moja tu. Ndiyo maana sakafu hii imelala chini kabisa, na mwisho wa ukumbi pana nafasi ya mita 1.5 kila upande ili kiti kigeuke bila mtu kuomba msaada.

Sasa tuje ndani. Mgeni amefika na zawadi mkononi, na zawadi ndiyo sanaa. Mnaonaje mgeni anayeizungumzia zaidi shati lake kuliko zawadi aliyoleta?

Nawaletea mabanda mawili. La kwanza ni la Barcelona, 1929, banda la Ujerumani katika maonyesho ya kimataifa, kazi ya wasanifu Ludwig Mies van der Rohe na Lilly Reich. Kuta za mawe ya marumaru na oniksi, nguzo za chuma zinazong'aa kama kioo. Na ndani kulikuwa na nini? Karibu hakuna. Sanamu moja ya mwanamke, ya mchongaji Georg Kolbe, imesimama kwenye kidimbwi kidogo upande wa nyuma. Moja tu. Lakini ukitembea humo unaiona kupitia kioo, kisha majini, kisha juu ya jiwe lililong'arishwa. Sanamu moja ikawa nyingi. Banda lilibomolewa 1930, kisha likajengwa upya palepale kati ya 1983 na 1986, maana watu hawakuweza kulisahau.

La pili ni la Arnhem, Uholanzi, 1966, katika bustani ya Sonsbeek. Msanifu Aldo van Eyck alichukua matofali ya zege ya kawaida, yale ambayo fundi yeyote anayaweza, akasimamisha kuta sita sambamba na kuzifunika kwa paa linalopitisha mwanga. Ukiwa mbali unaona kuta zimenyooka tu. Ukiingia, ukuta unapinda hapa, unatoa nusu duara pale, na kwenye kila pindo kuna sanamu inayokungoja. Unakutana nayo ghafla, ana kwa ana, kama unavyokutana na mtu kwenye kona. Nalo lilikaa miezi michache likaondolewa. Mwaka 2006 likajengwa tena katika bustani ya jumba la makumbusho la Kröller-Müller, nchini humohumo.

Mkiniambia nichague, nachukua la Arnhem. La Barcelona ni zuri mno kwa kazi yetu. Ni mgeni aliyevaa kumshinda bwana harusi. La Arnhem linajua kuficha. Msanifu mchanga anafikiri kuonyesha ni kufungua kila upande, banda liwe kama meza ya mitumba, yote yaonekane kwa mkupuo. Mtu akishayaona yote kwa mkupuo, aingie kufuata nini?

Kuhusu kutundika sitasema mengi. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka sakafuni, lakini wakumbukeni watoto na aliyekaa kwenye kiti, ambao macho yao yako sentimita 110 hadi 120. Hapa tumetundika kazi mbili chini kwa makusudi, na nimeona watu wazima wakichutama kuzitazama. Inapendeza kuona.

Kwenye mwanga ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu hapo niliharibu mali ya mtu.

Vipimo vya makumbusho ni hivi: kazi za karatasi, rangi ya maji na vitambaa, zisimulikwe zaidi ya laksi 50; laksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu. Za rangi ya mafuta, kama 200. Jua la mchana ulio wazi linafika laksi 100,000. Fanyeni hesabu pamoja nami: 100,000 gawanya kwa 50 ni 2,000. Mchoro wa rangi ya maji ukikaa juani siku moja, umekula mwanga ambao makumbusho ingeulisha kwa siku 2,000! Na hata nikikata nusu kwa ajili ya asubuhi na jioni, bado ni siku 1,000, karibu miaka mitatu. Na sijaitaja miale ya urujuanimno, ambayo jicho haliioni lakini rangi inaiona.

Mimi sikuifanya hesabu hiyo. Katika lile banda la kwanza, ukuta mmoja ulitazama magharibi, na kila alasiri jua lilipenya chini ya ukingo wa paa likapiga mchoro mmoja kwa saa moja hivi. Saa moja tu, nilijiambia. Tulipoushusha, bluu ya maji upande wa kulia ilikuwa imegeuka kijivu. Mwenye mchoro aliutazama, akaufunga kwenye khanga yake, akaniambia, "Haya, mdogo wangu." Hakusema zaidi. Afadhali angenigombeza.

Kwa hiyo, wanafunzi: chini ya anga wazi, kazi asilia ya karatasi iacheni nyumbani, onyesheni nakala. Sanamu, chuma, kauri, mbao ngumu, hizo ndizo zinazoustahimili uwanja. Jua la asubuhi na la jioni ndilo adui mkubwa, maana linakuja chini na paa halilizuii. Kuta za mashariki na magharibi zipeni mgongo, msizipe picha. Na ukiwa karibu na Ikweta usitegemee kanuni ya vitabuni kwamba upande mmoja hauoni jua. Huku jua linahama, nusu mwaka kaskazini, nusu mwaka kusini.

Sasa upepo. Hapa naomba tusitabasamu kwanza.

Julai 2006, kaskazini mwa Uingereza, kazi kubwa ya sanaa iliyojazwa upepo, ambayo watu walikuwa wakiingia na kutembea ndani yake, iling'olewa na upepo uwanjani ikapaa na watu. Wanawake wawili walikufa. Walikwenda kutazama rangi, siku ya mapumziko. Mwaka uliofuata, Kassel, Ujerumani, msanii wa China Ai Weiwei alisimamisha mnara wa milango na madirisha ya mbao kutoka nyumba za kale za China zilizobomolewa. Siku chache tu baada ya ufunguzi, dhoruba ikaupindua. Yeye akaamua ubaki vilevile ulivyoanguka. Msanii anaweza kuamua hivyo. Sisi tunaosanifu banda la kuingiza watu, je, tunaweza?

Upepo una hesabu moja katili: kasi ikiwa mara mbili, msukumo unakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ule wa kupeperusha kofia, unasukuma kila mita ya mraba kama uzito wa kilo 6. Si kitu. Ukifika kilomita 72, zile dakika kabla ya mvua kubwa, ni kilo 25. Tazameni ukuta ulio nyuma yangu: plaiwudi mbili, mita 2.44 kwa 2.44, karibu mita 6 za mraba. Sita mara ishirini na tano ni kilo 150 zinausukuma, na zinasukuma katikati ya kimo, kwa hiyo ukuta unataka kupinduka. Kitako chake kina upana wa mita 1.2. Kuuzuia tu usipinduke unahitaji kama kilo 300 pale chini, na hapo mhandisi hajaongeza ziada yake ya usalama. Akiongeza, na lazima aongeze, hesabu inapanda sana.

Kilo 300 tunazitoa wapi, nasi haturuhusiwi kuchimba uwanja? Chini yetu kuna mabomba na nyaya za umeme. Mliokaa kwenye masanduku ya ukutani, inukeni kidogo mfunue. Mnaona? Mmekalia madumu. Dumu la lita 20 ni kilo 20, na kila ukuta una 30. Tuliyaleta matupu kwa gari moja dogo, tukayajaza maji hapahapa kwenye bomba. Wazo si langu. Baada ya tetemeko la Kobe, Japani, mwaka 1995, msanifu Shigeru Ban aliwajengea watu nyumba za mabomba ya karatasi, na msingi wake ulikuwa kreti za bia zilizojazwa mchanga. Kreti za bia! Mimi nilipoona hivyo nikaacha kuona aibu na madumu.

Mvua nayo, kwa kifupi. Turubai la mita 3 kwa 4 likilala bapa, likapigwa na mvua ya milimita 50, linakamata lita 600, yaani zaidi ya nusu tani juu ya vichwa. Nalijua kwa sababu nimewahi kuamshwa alfajiri na mlinzi: "Dada, paa lako lina mimba." Tulilizalisha kwa fagio, na mimi ndiye niliyesimama chini yake. Tangu siku hiyo paa langu lina mwinuko wa kutosha na kamba zilizokazwa hasa. Ukitaka kuona mtu aliyeigeuza mvua kuwa tamasha, mtafute msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso: banda lake la 2017 katika bustani ya Kensington, London, lilikuwa na paa kama mti mkubwa, na maji yote yalishuka katikati kama maporomoko, yakakusanywa kwa ajili ya bustani. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Banda lile lilipewa jembe likalima.

Limebaki jambo la kuondoka, ambalo wengi hulifikiria siku ya kuondoka yenyewe.

Ban huyohuyo, pamoja na msanifu Mjerumani Frei Otto, walisanifu banda la Japani katika maonyesho ya Hannover ya mwaka 2000. Mabomba ya karatasi, na msingi wa masanduku yaliyojazwa mchanga badala ya zege. Kwa Ban kazi haikuisha siku ya ufunguzi. Ilikuwa iishe siku ya kubomoa, kila kitu kirudi kutumika tena.

Mimi nilifundishwa jambo hilo na fundi seremala, mzee mmoja wa maneno machache. Nilimpelekea mchoro wa maungio, nimeupamba, bolti zote zimefichwa ndani ya ukuta zisiharibu sura. Akavaa miwani. Akageuza karatasi huku, akaigeuza kule. Kisha akaniuliza: "Mwanangu, spana itapita wapi?"

Nikanyamaza.

Akachukua penseli, akanichorea mkono. Mkono wa mtu, umeshika spana, na nafasi ambayo kiwiko kinahitaji ili kuzungusha robo mzunguko. Nikarudi nikachora upya kila ungio la banda lile, mkono kwanza, mbao baadaye. Ndiyo maana bolti za hapa mnaziona. Zote ni za ukubwa mmoja, M8, yaani unene wa milimita 8, spana namba 13. Hakuna gundi, hakuna msumari. Plaiwudi hazikukatwa, zina vipimo vyake vya kiwandani, 1.22 kwa 2.44, ili kesho zikawe meza au milango au banda jingine. Kila kipande kina namba mgongoni, na hakuna cha kuwashinda watu wawili kukibeba. Mara ya kwanza tulipolijenga hapa lilituchukua siku mbili. Tulikuwa tumeshalijenga na kulibomoa karakana mara tatu, mara zote nikiwa na karatasi mkononi naandika palipokwama.

Nimemaliza ya kusema. Maswali nitayajibu huku mikono ikifanya kazi, maana giza linaingia.

Spana zimo kwenye ile ndoo nyekundu. Glavu ziko juu ya meza, na anayepanda ngazi avae kofia ngumu, hata kama ni profesa. Kazi za sanaa zinatoka kwanza, wenyewe wazishike wenyewe. Kisha turubai. Kisha boriti, kuanzia namba 12 kurudi nyuma. Madumu asiguse mtu mpaka paa liwe chini; nani atanirudia hilo? Haya, asante, umesikia vizuri. Sakafu ikishanyanyuliwa mtaona nyasi zimegeuka njano, umbo la banda zima limelala pale. Maji ya madumu yote mwageni hapo, taratibu, kuanzia upande wa benchi.